Kukaa sana kwa mwajiri mmoja ndio kunatudumaza mishahara?

Mhasibu wa Kurasini
Habari za mchana wakuu, shikamooni wakubwa. Kuna jambo linaninyima usingizi, naombeni mawazo yenu.

Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar, niliingia 2016 nikitokea chuo, nikaanza na laki nane na nusu. Nyongeza yetu ya mwaka ni asilimia 4 hivi, mwaka wa korona hatukupewa kabisa, leo nipo kwenye milioni moja na laki moja na hamsini kabla ya makato. Sasa juzi kaajiriwa mhasibu mwingine, kitengo kilekile, kazi zilezile, na mimi ndiye ninayeandaa payroll kwa hiyo nimemuingiza kwenye mfumo kwa vidole vyangu mwenyewe: milioni moja na laki nane. Nimeitazama ile namba mpaka kompyuta ikajizima kioo. Na huyohuyo ndiye ninayemfundisha namna ya kutenganisha pesa za ushuru za wateja na pesa zetu ili ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) iende kabla ya tarehe 20. Kijana mwenyewe ni mstaarabu, sina shida naye. CPA, ile sifa ya juu ya uhasibu, tunayo wote, mimi niliipata nikiwa humuhumu, wakanipongeza kwenye kikao basi, mshahara ukabaki palepale.

Kinachonifunga ni kwamba bosi ni mtu mwema, baba alipofariki alitoa gari mpaka Singida na mafuta juu. Nikiondoka nitakuwa sina shukrani? Au ndio huu uaminifu unaoniumiza mfukoni? Nawasilisha.

Kibaha kwa Mathias
Pole na msiba dada. Jibu ni ndio, unaumia. Tafuta kazi ukiwa bado una kazi, usiache kwanza.

Mama Rasilimali
Mdogo wangu nimekaa ofisi za HR, wanaoshughulika na ajira, muda mrefu ngoja nikueleze inavyokwenda upande wa pili wa meza, maana watu wengi wanadhani bosi anawachukia kumbe hata hawawazi.

Mishahara ya waliomo na mshahara wa anayekuja inatoka kwenye vikapu viwili tofauti. Ya kwenu inapangwa mara moja kwa mwaka, bodi inakaa inasema mwaka huu asilimia 4 kwa wote, imeisha hiyo, anayefanya kazi ya watu wawili na anayeshinda kwenye simu wote wanapata sawa. Ila mgeni anapoajiriwa swali linabadilika, linakuwa huyu tumpe ngapi ili akubali kuacha alipo? Kama alipo analipwa milioni na nusu huwezi kumuita kwa milioni na laki moja, hatakuja. Kwa hiyo yeye bei yake imepangwa na soko la mwaka huu na wewe bei yako imepangwa na soko la 2016 pamoja na viasilimia. Na mfumuko wa bei wa nchi yetu tangu 2021 umekuwa unacheza kati ya asilimia 3 na 4 na ushee, maana yake hiyo nyongeza yako imekuwa inafidia unga na nauli tu, mshahara wenyewe haujapanda.

CPA ndio ilikuwa nafasi yako na bado ipo. Omba kikao na bosi, mpelekee orodha ya majukumu uliyonayo leo na yale ya kwenye mkataba wako wa 2016, mwambie unaomba mshahara wako upitiwe upya kulingana na cheo na sifa. Usiseme unaomba nyongeza, maana atakujibu nyongeza tayari ilishatoka.

La muhimu kuliko yote: usithubutu kutaja mshahara wa yule kijana. Wewe umeuona kwa sababu umeaminiwa payroll, siku ukiutumia kama hoja unakuwa umetoa siri ya kazi na wanaweza kukufungulia kesi ya nidhamu, halafu mazungumzo yote yanahamia huko. Nenda na matangazo ya kazi yanayotaja mshahara, nenda na ofa ukiwa nayo, hizo ni zako na hakuna wa kukuuliza umezitoa wapi.

Mpiga Hesabu
Naongezea hapo kwa Mama, watu hawapigi hesabu ya mkononi. Dada kama bado unakatwa deni la chuo la Bodi ya Mikopo angalia hii. Ukishavuka milioni moja baada ya kutoa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), kila laki inayoongezeka NSSF wanachukua elfu 10, kwenye elfu 90 iliyobaki PAYE, kodi ya mshahara, ni asilimia 30 yaani elfu 27, Bodi asilimia 15 elfu 15. Mkononi inafika elfu 48. Kwa hiyo kutoka 1,150,000 kwenda 1,800,000 sio laki sita na nusu, ni laki tatu na elfu 12. Bado ni pesa nzuri ila kama kazi mpya ipo Bagamoyo na unaishi Mbagala jua nauli itakula ngapi, na bima ya afya kama kwenu inabeba watoto na kule ni ya kwako peke yako, iweke kwenye hesabu.

Binti wa Moshi
Mimi nilihama nikifuata ongezeko kubwa, mkataba wa mwaka mmoja, mradi ukaisha na mkataba ukaishia hapo hapo. Siwakatazi watu kuhama, nimehama tena baada ya pale na nipo pazuri, ila soma aina ya mkataba kabla ya namba. Na ujue sheria ya ajira ya 2004 haikulindi dhidi ya kuachishwa isivyo haki mpaka utimize miezi 6 kwa mwajiri huyo, kwa hiyo hiyo nusu mwaka ya kwanza unaweza kutolewa na usiwe na pa kushtaki kama ambavyo mtu wa miaka mingi angeshtaki. Na ikija kupunguza watu mara nyingi wanaanza na walioingia mwisho.

Teller Mstaarabu
Kwa sisi wa benki kuna jambo lingine, mkopo wa wafanyakazi. Riba yetu ni ya chini sana kuliko ya mteja wa kawaida, siku unaacha kazi mkopo wa nyumba unageuzwa riba ya kibiashara, rejesho linaruka. Nina wenzangu wanapata ofa nzuri kabisa wanazikataa kwa ajili hiyo tu. Hata walioko nje ya benki wenye mkopo wa mshahara wa miaka 7, mwajiri akibadilika benki inataka taarifa za mwajiri mpya na rejesho lisikose. Dada kama una mkopo kaongee na benki kabla ya kuandika barua.

Mswahili wa Minnesota
Huku Marekani benki kuu tawi la Atlanta wanafuatilia ukuaji wa mishahara ya waliohama kazi na waliobaki kwa mwajiri yuleyule. 2022 kazi zilipokuwa nyingi waliohama waliwaacha wenzao mbali, ila kufikia 2025 pengo likawa karibu limefutika. Kuhama kunalipa pale waajiri wanapogombania watu. Uliza kwanza wahasibu wa bandarini mwaka huu wanagombaniwa au wamejaa.

Mhasibu wa Kurasini
Asanteni sana wote, Mama nimekuelewa kabisa kuhusu siri ya payroll, hilo nilikuwa naliendea vibaya. Wahasibu wanaojua mambo ya forodha wanatafutwa, nimeshapigiwa simu na kampuni mbili mwaka huu sikwenda. Ila miaka yangu yote hii kiinua mgongo changu je? Na NSSF inaanza upya?

Mama Rasilimali
NSSF haianzi upya, namba yako ni ileile, mwajiri mpya anaendeleza na michango yote inahesabika kwenye ile miezi 180 unayotakiwa kuchangia ili upate pensheni.

Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10, yaani siku 70 za mshahara wa msingi hata ukikaa miaka 30. Na kinalipwa mwajiri anapokuachisha yeye, ukiacha mwenyewe sheria haimlazimishi labda mkataba wenu useme. Kwa hiyo usikae kwa ajili ya hicho.

Kuhusu bosi na msiba wa mzee, ule ni utu na unaulipa kwa utu, akifiwa nenda kakae naye. Mpe nafasi ya kwanza, mwambie kabla hujaenda kwenye hizo simu mbili. Akikujibu subiri mwaka kesho, nenda intavyuu. Ukipata andika notisi ya siku 28, kabidhi payroll kwa maandishi, dai likizo ambayo hujaila na cheti cha utumishi.