MJADALA: Namba 115 ibaki ya akina mama na vichanga tu, au ibebe na majeruhi wa Mtwara na Lindi?

Ndugu zangu wa Kusini, naomba tulijadili hili kabla minada ya korosho haijaanza. Pesa ikishaingia, pikipiki mpya zinajaa barabarani na majeruhi nao wanaongezeka.

Mfumo wa m-mama, wa kuwasafirisha wajawazito na vichanga wakati wa dharura, tunaujua. Ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga, kisha Aprili 2022 Rais Samia akauzindua Dodoma ili uende nchi nzima. Mjamzito akizidiwa usiku, nesi au ndugu anapiga 115 bila malipo. Aliyepo kituo cha mawasiliano anauliza dalili na kutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, anampigia dereva wa jamii, yaani mtu wa hapohapo mwenye gari lake aliyesajiliwa kwa kazi hiyo, na malipo yake yanaingia kwenye simu akishamfikisha mgonjwa. Hospitali inayopokea inakuwa imeshaarifiwa. Wanaohudumiwa ni wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42 na watoto wachanga hadi siku 28.

Aliyeanguka kwenye mnazi hayumo. Aliyeumwa na kifutu akipalilia mikorosho hayumo. Kijana wa bodaboda aliyevunjika paja hayumo. Huyo anapakiwa mshikaki: dereva mbele, majeruhi katikati, ndugu nyuma akimshikilia asidondoke. Kama uti wa mgongo umeguswa, safari hiyo peke yake inatosha kumpoozesha.

Msimamo wangu ni kwamba 115 ifunguliwe kwa majeruhi na walioumwa na nyoka. Hospitali ya Ligula hapa Mtwara ipo, Sokoine ya Lindi ipo, Ndanda na Nyangao zimetibu watu wa huku miaka mingi, na sasa tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, tuliona sote maana ya kuwa na hospitali kubwa upande wetu. Kinachotuumiza ni kipande cha kutoka kijijini hadi kitanda cha kwanza.

Wakunga wengi hawaafiki, na hoja yao ni nzito kuliko zote nilizosikia. Wanauliza: gari likienda kumfuata kijana aliyejigonga na pikipiki akiwa amelewa, mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua abaki na nani? Damu ile inaua kwa saa chache, na mfumo huu ulijengwa kwa ajili yake. Nakubali kabisa. Ndiyo maana sitaki majeruhi waongezwe tu kwenye foleni ileile. Gari la halmashauri limsubiri mama kwanza. Majeruhi waanze na madereva wa jamii, kwa orodha yao na fungu lao la fedha, lisiloguswa wala kugusa la akina mama.

Fungu hilo litoke wapi? Halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa asilimia 3 kwenye korosho. Sisemi mkulima aongezewe makato, maana kati ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), chama kikuu cha ushirika, ghala na usafirishaji ameshakatwa vya kutosha. Nasema madiwani watenge sehemu ya ushuru uleule ambao tayari umelipwa, na matumizi yasomwe kwenye mkutano wa kijiji. Umetokana na korosho za huyohuyo anayeanguka shambani. Leo ndugu wa majeruhi wanapitisha kofia kuchangisha pesa ya mafuta mgonjwa akiwa amelala chini, na hilo linanikera kuliko ninavyoweza kuandika.

Wapo wanaosema dawa ni magari zaidi. Magari mapya ya wagonjwa yameshaletwa kwenye halmashauri na yamesaidia. Lakini gari linalolala makao makuu ya wilaya lina safari mbili, kwenda na kurudi, na linataka mafuta, matairi na dereva wa usiku. Noah ya dereva wa jamii iliyopo hapohapo Mahuta au Kitangari inafanya safari moja.

Nina hofu mbili ambazo sioni watu wakizitaja. Ya kwanza ni PF3, ile fomu ya polisi ya kumruhusu majeruhi atibiwe. Madereva wengi hawagusi mtu wa ajali kwa kuogopa kushikiliwa polisi majeruhi akiwa bado garini. Kwa dharura, tiba ianze na PF3 ifuate, na dereva aliyetumwa na 115 awe na namba ya safari ya kumwonyesha askari. Ya pili ni mafunzo. Mjamzito mara nyingi anaingia garini akisaidiwa na nesi; majeruhi anazolewa na umati, mmoja kashika mikono, mwingine miguu. Dereva ajue kukandamiza jeraha linalovuja, kumlaza mtu kwenye ubao shingo isicheze, na kuwazuia watu wasichanje palipoumwa na nyoka wala kupafunga kamba. Msalaba Mwekundu wanafundisha huduma ya kwanza, waombwe.

Kwa Liwale sina jibu kamili. Masika yakikolea, njia ya Nangurukuru inawashinda hata wenye magari makubwa.

Sasa nawauliza madereva mliosajiliwa Newala, Tandahimba na Ruangwa: mngekubali kumbeba mtu wa ajali saa nane usiku, na kwa masharti gani? Na wakunga, fungu likitengwa kweli, bado mnapinga?