Nilimtoa pweza anayelalia mayai, mwamba ukiwa umefungwa. Deni langu ni kwa nani?

Mama wa Kupwa:

Asalaam alaykum. Mimi ni mchokoaji pweza, kusini ya Unguja, kazi niliyofunzwa na bibi yangu mzaa mama tangu nina miaka tisa. Naomba msome mpaka mwisho kabla ya kunijibu, maana hili sijamwambia mtu.

Kijijini kwetu tumeanza kufunga mwamba. Sehemu moja inawekewa maboya, haingii mtu miezi mitatu, si mwanamke mwenye mchokoo, chuma cha kutolea pweza shimoni, wala mwanamme mwenye kupiga mbizi. Sehemu nyengine zinabaki wazi. Siku ya kufungua tunaingia sote kwa pamoja, na pweza wanaotoka ni wakubwa kweli. Mkutanoni nilinyoosha mkono kukubali. Hakunilazimisha mtu.

Bamvua la mwezi wa pili wa kufunga, mtoto wangu wa mwisho akashikwa na kifua. Hospitali tulipokewa vizuri, lakini dawa moja tukaambiwa tukanunue nje. Baba yake yuko dago, kambi ya wavuvi ya mbali, simu haishiki. Sehemu za wazi nilizizunguka siku mbili, nikapata vipweza viwili vya kiganja. Alfajiri ya siku ya tatu, maji yamekupwa mbali, nikavuka maboya.

Shimo nililijua, alinionesha bibi. Mashimo ya pweza kwetu mtu anayajua kama milango ya majirani, na mengine mama humrithisha binti. Kwa kawaida mlangoni unakuta maganda mapya ya kaa na chaza, ndiyo yanayokwambia mwenyewe yumo. Safari hii maganda yalikuwa ya zamani, yameshaota ukijani, na mawe yamepangwa mlangoni mpaka limebaki tundu la vidole viwili. Ningesimama hapo. Sikusimama, nikayatoa mawe nikatia chuma.

Pweza ukimgusa hukamata chuma, mkavutana, na rangi yake inageuka unamwona. Huyu hakukamata. Alikisukuma chuma taratibu kwa mkono mmoja, kama mtu aliyelala anavyomfukuza nzi, akarudi alipokuwa. Nikamtoa. Alikuwa mlegevu, amepauka, mwepesi kuliko umbo lake. Nilipomulika tochi ndani nikayaona mayai yananing'inia juu ya paa la shimo, vishada kwa vishada, kama punje za mchele zilizotungwa kwenye uzi. Nilisogeza uso. Ndani ya kila punje mlikuwa na vidoa viwili vyeusi. Macho.

Nilimuuza elfu kumi na mbili. Dawa ikanunuliwa, mtoto mzima, alhamdulillahi, jana kashinda akikimbiza tairi. Kama ingekuwa leo sijui ningefanya nini chengine, na hilo ndilo linalonisumbua.

Kaka yangu, hata bila ya kulijua hili, husema bahari haina mwenyewe: riziki kaiweka Mungu, kiumbe gani wa kuitia maboya? Nilikuwa nikimbishia. Siku hizi nanyamaza.

Basi nauliza. Deni hili ni la kamati, kwa kuwa nilivunja ahadi? Ni la wenzangu wanaosubiri mwamba ufunguliwe? Ni baina yangu na Mola wangu? Au mtu anaweza kuwa na deni kwa pweza mwenyewe? Nikilipa faini, yale macho nimeyalipia?

---

Tumbawe_Dar:

Pole kwa mtoto, na ahsante kwa kulieleza wazi. Nimesomea mambo ya bahari, nitakupa ninachokijua halafu nikupe maoni yangu.

Pweza jike anataga mara moja tu maishani. Akishataga hali tena. Kwa wiki kadhaa kazi yake ni kuyapulizia mayai maji, kuyapangusa na kuyalinda. Ndiyo maana ulimkuta mwepesi: alikuwa anajila mwenyewe. Mayai yakianguliwa, naye anakufa. Kwa hiyo utasikia watu wakikwambia "angekufa tu." Usilipokee hilo. Mayai bila mama huota ukungu au huliwa na samaki, na vile vidoa vya macho vinaonyesha walikuwa wamekaribia kutoka.

Upande wa pili nao ni wa kweli. Jike mmoja hutaga mayai maelfu kwa maelfu, wakitoka huchukuliwa na mkondo wakiwa wadogo kama vumbi, na wanaofika utu uzima ni wachache sana. Kuna majike mengine nyuma ya maboya yenu. Pweza anakua upesi mno, umri wake hauzidi sana mwaka mmoja, na ndiyo sababu kufunga kwa miezi michache kunaonekana kwenye mizani. Kijiji cha Andavadoaka kule Madagaska kilianza mwaka 2004, na vijiji vingi vya pwani hii vimejifunza kutoka kwao. Mwamba wenu haukufa kwa ajili yako.

Ila wewe hukuuliza hesabu. Kwa maoni yangu ndiyo, deni kwa mnyama lipo. Mtu aliyekaa na kiumbe miaka thelathini, akajua mlango wake na ganda lake, hawezi kusema hamjuani.

---

Mwana wa Nahodha:

Mimi naona tunamwelemea dada huyu. Pweza wa pwani yetu anagandishwa barafu, anapelekwa Italia, Hispania, Ureno. Anayemla kule haulizi kama alikuwa na mayai. Mwaka 1998 bahari ilipata joto, matumbawe yakapauka kutoka Kenya mpaka huku, yakafa mengi, na hakuna mama yeyote mwenye mchokoo aliyelisababisha. Mwani nao, akina mama wa Paje na Jambiani wanajua jinsi unavyooza maji yakiwa moto. Sisemi hana wajibu. Nasema wajibu una ukubwa, na wake ni wa elfu kumi na mbili.

Halafu hiyo kamati yenu, siku ya kufungua inapokusanya fedha, inaweka akiba ya mgonjwa? Kama mnamfungia mtu jiko lake miezi mitatu, lazima pawe na mahali pa kukopa mtoto akiugua. Angekuwa na pa kubisha hodi, yale mawe asingeyatoa.

---

Mvuvi wa Dema, Pemba:

Dada yangu, mimi sikusoma. Navua kwa madema, mitego ya kusuka, magharibi ya Pemba, na utoto wangu nilipelekwa na marehemu baba dago kwenye kisiwa cha Misali. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Hidhri alifika pale akaomba msala wa kusalia, hawakuwa nao, akasema basi kisiwa hiki kitakuwa msala wangu. Ndipo jina. Ukisimama pale unakiona kimelala kuelekea kibla. Tulipokuwa wadogo hatukuruhusiwa kutukana wala kutupa uchafu pale, na mlinzi hakuwapo. Serikali imekuja kukifanya hifadhi mwaka 1998, lakini adabu tuliikuta.

Kaka yako anasema kweli, bahari haina mwenyewe miongoni mwetu. Ila kitu kisicho chako ukikishika kinaitwa amana. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulifunzwa kwamba hata ukitawadha penye mto unaopita usifanye israfu ya maji. Mto hauishi, na bado umekatazwa. Mimi hapo ndipo nilipofahamu kuwa adabu ile haikuwekwa kwa kuogopa maji kwisha tu.

Wewe hukufanya israfu, ulikuwa na dharura. Lakini ahadi ilikuwa na watu, na ya watu humalizwa na watu. Nenda ukawaambie.

---

Mama wa Kupwa:

Nimesoma yote, nimeyarudia usiku.

Jana nilikwenda kwa katibu wa kamati. Yeye naye ni mchokoaji, tumeanza pamoja tukiwa wasichana. Nilimweleza kila kitu, mpaka lile la macho. Alikaa kimya muda mrefu akisuka ukili wake, kisha akaniuliza shimo lipi. Nilipomtajia akasema analijua, mama yake naye alikuwa akilichokoa.

Faini nitalipa kwa mafungu, siku ya kufungua wataanza kukata. Jina langu litasomwa mkutanoni kama la mtu mwengine yeyote, na nimekubali. La akiba ya wagonjwa nimelifikisha kama alivyosema Mwana wa Nahodha, na katibu ameliandika kwenye ajenda. Jengine nimeliomba mwenyewe: tukikuta mawe yamepangwa mlangoni na maganda ya zamani, tupite, hata siku ya kufungua. Wazee walikuwa wakipita, bibi aliwahi kuniambia, mimi ndiye niliyesahau.

Kwa yule pweza sijapata jibu. Nilirudi pale nikasimama nje ya maboya, maji yananifika magotini. Tumbawe, nikuulize: shimo kama lile, mwengine huingia?

---

Tumbawe_Dar:

Huingia. Angalia maganda mlangoni.