MJADALA: "Silaha duni" ndilo jibu la kweli, au wazee wetu walikosa risasi?

Mleta mada

Wadau, habari zenu. Tangu shule ya msingi hadi kidato cha nne tumefundishwa kujibu hivi: jamii zetu zilishindwa na wakoloni kwa sababu ya silaha duni, kukosa umoja na imani za kishirikina. Unaandika pointi zako tatu, unapewa alama, unasonga mbele. Leo naomba tuijadili hiyo ya kwanza tu, kwa sababu naona inaficha mengi kuliko inavyoeleza.

Bunduki zilikuwepo. Katika miaka ya 1880 zilipita Zanzibar kwenda bara makumi ya maelfu kila mwaka. Msimamo wangu ni kwamba kilichokosekana ni risasi ya kisasa, na kwamba mageuzi ya risasi kati ya 1840 na 1890 yalitufunga mikono kuliko bunduki yenyewe.

Chukua gobore. Unamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, unasukumia kitambaa, unatia kipande cha madini ya risasi au hata cha chuma, unashindilia kwa mdeki, halafu unapachika fataki (kile kidogo kinacholipuka kikigongwa na kuwasha baruti) pembeni. Ni kazi ya kusimama wima huku adui anakuona, na mvua ikinyesha mambo yameharibika. Lakini kila kinachoingia humo unaweza kukipata kwa njia zaidi ya moja. Baruti ukinunua kwa huyu au kwa yule, ni baruti. Chuma kikikosekana, mhunzi anakata kingine.

Ulaya nao walikuwa na shida yao. Wanajeshi walikuwa wakibeba baruti na risasi vikiwa vimefungwa pamoja kwenye karatasi, na wanachana kwa meno. Waprusi mwaka 1841 wakaikubali bunduki ya Dreyse, inayojazwa kwa nyuma, yenye sindano ndefu inayotoboa karatasi na kulipua fataki iliyo ndani. Ilikuwa na kasi kubwa, lakini moto na gesi vilivuja nyuma kuelekea usoni mwa mpigaji. Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa ganda la shaba. Mwaka 1866 Edward Boxer wa Woolwich, Uingereza, na Hiram Berdan wa Marekani kila mmoja alikuja na namna yake ya kuweka fataki katikati ya kitako cha ganda. Baruti ikilipuka, ganda linatanuka na kuziba kabisa nyuma ya mtutu, nguvu yote inakwenda mbele. Halafu linanywea kidogo, unalichomoa na kuweka jingine. Miaka mitano baadaye Ulaya ilikuwa na bunduki za Martini-Henry ya Waingereza na Mauser ya 1871 ya Wajerumani. Hata bombomu (bunduki ya kupiga mfululizo) ya Maxim ya 1884 isingefanya kazi bila ganda hilo, maana inachomoa na kujipakia kwa nguvu ya mrudisho wake yenyewe.

Sasa mhunzi wa Unyamwezi au Uhehe, pamoja na ufundi wake wote, angelitengenezaje ganda hilo? Linahitaji bamba la shaba lililochanganywa na zinki, mashine za kulivuta hatua kwa hatua, na fataki yenye kemikali inayolipuka kwa kugongwa. Hicho ni kiwanda. Bunduki ya kisasa ikawa imefungwa kamba na kiwanda kilichoko Ulaya.

Na wakoloni walilijua hilo. Soma Mkataba wa Brussels wa Julai 1890. Kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, barani Afrika, walipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake, isipokuwa kwa masharti makali. Lakini gumegume (bunduki za zamani za jiwe la cheche) zisizo na mifuo ndani ya mtutu na baruti ya kawaida ya biashara ziliachiwa mlango. Kama tatizo lingekuwa "bunduki" tu, kwa nini walitofautisha?

Wahehe wa Mkwawa pale Lugalo, Iringa, Agosti 17, 1891, walimuua Zelewski, kamanda wa Wajerumani, na kuteka bunduki karibu 300 za Wajerumani. Silaha duni? Baada ya siku ile walikuwa nazo sawa na za adui. Lakini kila risasi waliyofyatua ilikuwa imepungua moja, na hakuna sehemu ya kuiongeza.

Naomba kuwasilisha.

Mdau wa Songea

Mkuu, umeandika vizuri sana kuhusu shaba, lakini kwetu huku umeruka jambo. Vita vya Maji Maji havikumalizwa na risasi. Ni kweli Mahenge, Agosti 30, 1905, watu walikatwa na bombomu mbele ya boma, na hakuna anayepinga. Lakini wengi waliokufa katika vita vile, na makadirio yanaanzia 75,000 hadi 300,000, waliuawa na njaa. Jeshi lilichoma vijiji, likachoma mashamba, likachukua chakula kilichokuwa ghalani. Kwa kazi hiyo kiberiti kinatosha. Tukiandika kwamba "walikosa risasi", tunawasafisha Wajerumani, tunaifanya ionekane kama suala la ufundi tu, kumbe ni watu waliamua kuwanyima wenzao chakula hadi wafe. Bibi zetu hawakuzungumzia shaba. Walizungumzia kula mizizi.

Mdau wa Tabora

Naunga mkono hoja ya Songea, na naongeza yangu. Mleta mada anasema gobore lilimwacha mtu huru. Huru gani? Baruti iliyofika Unyamwezi enzi za mtemi Mirambo ilipanda kutoka pwani juu ya vichwa vya wapagazi, mwendo wa miezi. Aliyeshika njia ya msafara alishika baruti. Kwa hiyo utegemezi ulikuwepo kabla ya ganda la shaba halijazaliwa. Ganda limeongeza ukubwa wa tatizo tu.

Mdau wa Mombasa

Mimi nataka kumpinga mleta mada kwenye lile la mhunzi. Samori Touré, mtawala kule Afrika Magharibi, alikuwa na mamia ya mafundi. Walinakili bunduki za Kifaransa, zikiwemo za kupiga mfululizo, na wakajaza upya maganda yaliyotumika. Walifanya hivyo bila kiwanda cha Woolwich, na Samori aliwasumbua Wafaransa hadi alipokamatwa Septemba 1898. Halafu kuna Menelik, mfalme wa Ethiopia. Machi 1, 1896, pale Adwa, Wahabeshi waliwapiga Waitaliano kwa bunduki za kisasa na risasi za kisasa walizonunua, nyingine kutoka kwa Waitaliano haohao. Hakufua hata ganda moja. Alikuwa na dola, kodi, na wajumbe waliojua kucheza na Wazungu wanaogombana. Kwa hiyo rudi kwenye pointi ya pili ya darasani, ya umoja. Hiyo ndiyo yenye uzito.

Mleta mada

Ndugu zangu, nashukuru. Songea, la njaa nalikubali lote, wala sitaki kumsafisha mtu. Ila jiulize kwa nini wapiganaji walianza kwa kunywa maji ya Ngarambe. Ahadi aliyoitoa Kinjikitile ilihusu risasi. Watu wa Umatumbi walijua vizuri kabisa ni kitu gani hasa kilichokuwa kinawazuia wasilifikie boma.

Tabora, baruti ilitoka pwani, sawa. Lakini baruti haina kipimo. Unaiweka kwenye kibuyu, inaingia kwenye gobore la Tower la Kiingereza na kwenye la Kifaransa vilevile. Risasi ya Mauser ya 1871, ya milimita 11, inaingia kwenye Mauser tu. Ukiteka masanduku ya risasi za Snider, bunduki ya Waingereza, kwako ni uzito wa kubeba bure.

Kuhusu Samori, mafundi wake nawavulia kofia. Lakini ganda lililotumika likijazwa tena na tena linachoka, linapasuka, linakwama. Hata Waingereza, wenye viwanda vyao, risasi za mwanzo za Martini-Henry zilizotengenezwa kwa bamba jembamba la kuviringisha ziliwakwamia Abu Klea, Sudan, Januari 1885, katikati ya mapigano, ikabidi wahamie kwenye ganda zima la kuvutwa. Na Menelik ananiunga mkono: alishinda kwa sababu alipata risasi.

Mdau wa Tanga

Mnajadili bila kututembelea. Novemba 1914, hapa hapa Tanga, askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wengi wao Waafrika, walikuwa bado na Mauser ya 1871 ya baruti nyeusi. Miaka 30 ilikuwa imepita tangu Paul Vieille, Mfaransa, atengeneze baruti isiyotoa moshi mwaka 1884. Kila askari akifyatua, wingu jeupe linapanda juu ya mnazi alipojificha, adui anajua pa kulenga. Upande wa pili kulikuwa na jeshi la Waingereza na Wahindi, karibu 8,000, wenye bunduki mpya zisizo na moshi, dhidi ya takribani 1,000. Walioshindwa ni kina nani? Wenye risasi bora walikimbilia melini na kuacha ufukweni risasi zaidi ya nusu milioni. Kwa mtazamo wangu hoja ya mleta mada inakufa hapo. Mafunzo, uongozi na kuijua ardhi vilishinda risasi.

Mleta mada

Mkuu wa Tanga, asante sana, kwa sababu mfano huo unafika mbali kuliko ulipoishia. Baada ya ushindi ule Lettow alifanya nini? Alizigawa bunduki na risasi zile kwa vikosi vyake, maana zake zilikuwa zinaisha. Aprili 1915 meli ya Rubens ikaletwa kutoka Ujerumani ikiwa na risasi, ikashambuliwa na kuzama Manza, jirani zenu. Wazamiaji wakatoa masanduku majini. Halafu watu wakakaa chini, wakafungua risasi moja moja, wakaanika baruti juani, wakakagua fataki, wakafunga tena. Hiyo ndiyo hali ya jeshi lililofungwa kwenye ganda la shaba halafu likakatiwa njia ya kiwanda. Novemba 1917 alivuka Ruvuma, na kitu cha kwanza alichotafuta ni kambi ya Wareno pale Ngomano, ili ateke bunduki na risasi zao. Miaka minne ya vita, na alikuwa anakimbiza masanduku.

Mdau wa Songea

Sasa umejijibu mwenyewe, mkuu. Lettow alikatiwa njia kama Mkwawa, akateka kama Mkwawa, lakini akaendelea hadi Novemba 1918. Mkwawa alishinda Lugalo kwa sababu Zelewski alitembea kwenye mstari mrefu bila kupeleleza mbele. Wajerumani hawakurudia kosa hilo, na mwaka 1894 gavana von Schele na Tom von Prince walikuja Kalenga, makao ya Mkwawa, wakiwa na mizinga mbele ya kuta za ngome. Mimi ningependa utueleze kwa nini Wahehe walijifungia ndani ya ukuta badala ya kuwavizia tena porini, walikozaliwa. Hapo shaba haihusiki.

Mleta mada

Inahusika. Mkwawa alirudi porini baada ya Kalenga kuanguka, akawavizia karibu miaka minne, hadi Julai 1898. Swali langu kwako ni hili: katika miaka hiyo minne, risasi alizipata wapi, na aliyemuuzia alihatarisha nini?