Karatasi ya mgomba inatoka na mabonge na kujikunja, nakosea wapi?

Mwanagenzi: Wadau, naombeni msaada. Wiki ya tatu sasa nahangaika na nyuzi za shina la mgomba. Nakatakata, nachemsha kwa maji matupu kama saa moja, nasaga kwenye blenda, halafu nachota kwa fremu yenye wavu. Karatasi inatoka na mabonge, ikikauka inajikunja, na wino unatambaa. Nataka ya kuandikia, si ya pambo.

FundiRojo: Ndugu, kosa liko jikoni. Maji matupu hayaiondoi lignini inayogandisha nyuzi. Pima nyuzi zikiwa kavu: kila gramu 100, weka gramu 20 za magadi soda (soda ash, si baking soda ya kuokea). Chemsha saa 2 hadi 4, ila usiitegemee saa. Toa uzi mmoja uuvute. Ukiachia vidoleni bila ubishi, umeiva. Kisha suuza mpaka utelezi uishe kabisa. Vaa glavu, na sufuria ya alumini iweke kando, magadi yanaila.

MamaKinu: Mie blenda nishaiacha kwa mgomba. Inazikata nyuzi zikawa fupi, na nguvu ya karatasi imo kwenye urefu wa uzi. Twanga kwenye kinu, au ponda kwa nyundo ya mti juu ya ubao, mpaka nyuzi zichanuke. Kujua kama tayari, tia kijiko cha rojo kwenye chupa ya maji utikise. Ukiona vifundo, rudi kwenye kinu. Ukitia ute wa bamia kwenye beseni unalochotea karatasi, nyuzi hazishikani ovyo na maji yanachuja taratibu. Wajapani hutumia ute wa mzizi wa tororo-aoi, ndugu yake bamia.

Mwanagenzi: Asanteni sana. Nikichanganya na karatasi chakavu je?

FundiRojo: Changanya, na kwa hiyo chakavu blenda inafaa. Hata Cai Lun wa China, anayesifiwa kwa kuanzisha utengenezaji wa karatasi na anayetajwa katika habari za mwaka 105, alitumia magome ya miti, matambara na nyavu kuukuu za wavuvi. Ila chagua karatasi za ofisini. Gazeti husagwa pamoja na lignini ya mti, ndiyo maana linageuka manjano likikaa juani.

Mkaushaji: Kuhusu kujikunja: usiianike ikining'inia. Ikamue kati ya vitambaa chini ya uzito, kisha ibandike kwenye kioo au ubao laini, ikaukie hapo hapo. Wino nao unatambaa kwa sababu karatasi haina kizuizi. Ikishakauka, ipake gelatini nyepesi au uji mwepesi wa wanga, uikaushe tena.

Mwanagenzi: Nimerudi wadau. Uzi umeachia saa ya tatu, nimetwanga, nimebandika kwenye kioo. Mabonge yamekwisha na karatasi imenyooka! Gelatini bado. MamaKinu, bamia ngapi kwa beseni moja?

MamaKinu: Anza na tano, zikate uziloweke usiku kucha, uchuje ute kwa kitambaa. Mimina kidogo kidogo ukikoroga. Maji yakianza kuteleza mkononi, acha.