Naomba ushauri: kulegea kwa msuli nikufundisheje?

Walimu wenzangu, habari za majukumu. Nafundisha Baiolojia kidato cha sita, shule haina maabara ya maana. Kukaza kwa msuli wanafunzi wanakuelewa vizuri: taarifa ya umeme inafika mwisho wa neva, asetilikolini (kemikali inayobeba taarifa) inamwagwa kwenye upenyo mdogo kati ya neva na msuli, sodiamu inaingia, kisha kalisiamu inafunguliwa kutoka ghala lake ndani ya seli. Hapo miosini inaishika aktini na kuivuta (hizi ni protini mbili za nyuzi za msuli). Hata wale wa nyuma kabisa darasani wanaweza kukuchorea.

Shida ni kulegea. Wote wanaandika "neva inaacha kutuma taarifa", basi. Hawaoni kwamba kuna kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, wala kwamba kalisiamu inarudishwa ghalani na pampu zinazotumia ATP, ile kemikali inayoipa seli nguvu. Wanashangaa: kupumzika nako kunakula nguvu?

Nimefikiria kuanzia kwa mbuzi aliyechinjwa, anavyokakamaa baada ya saa kadhaa: ATP imekwisha, miosini imeng'ang'ania aktini, haiachii. Mwenzangu anasema bora viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti, kwa kuwa vinazuia kile kimeng'enya. Aliyevivuta misuli humchezacheza, kisha huishiwa nguvu kabisa. Mimi naona mfano huo utawachanganya, maana mwisho wake ni kulegea tena!

Ninyi mngeanza na upi? Na kuna jaribio lolote la darasani lisilohitaji vifaa? Hapa hatuna hata darubini moja.