Mrejesho: Access ya saccos sasa inatoa PDF yenyewe

Wakuu salama? Mimi ndo yule niliyeuliza kama mtu asiyejua kabisa kuandika kodi (code) za kompyuta anaweza kuifanya Access, ile programu ya Microsoft ya kutunza data, itoe taarifa ya mwezi ya kila mwanachama wa saccos yetu, badala ya mhasibu kukaa anafungua mmoja mmoja na kuseivu. Inawezekana bana.

Aliyenishauri nitengeneze makro (orodha ya hatua ambazo programu inazifanya yenyewe) kwanza halafu niigeuze iwe VBA, yaani lugha ya kodi ya programu za Office, mkuu ubarikiwe, maana Access haina ile rekoda ya makro kama ya Excel inayokuandikia kodi ukiwa unabonyeza, kwahiyo kuona makro yangu imegeuka kodi ndo kulinifungua macho. Baada ya hapo ni Alt+F11 kufungua sehemu ya kodi, naandika, nabonyeza F8 inaenda mstari kwa mstari naona kila kitu kinavyobadilika. Hii F8 wangeifundisha siku ya kwanza kabisa!

Kilichosumbua ni kuchuja ili kila PDF iwe na mwanachama mmoja tu. OutputTo, amri ya kutoa PDF, haina sehemu ya kuweka sharti, so unafungua ripoti kwanza kwa amri ya OpenReport ukiweka namba ya mwanachama kama sharti, unaificha kwa acHidden, ndo unaitoa PDF, unaifunga, MoveNext inaenda kwa mwanachama anayefuata, inarudia hadi EOF, yaani mwisho wa orodha. Na kama namba zenu zina herufi kama zetu, kwenye sharti zizungushieni alama ya nukuu moja (') kila upande la sivyo inagoma.

Mhasibu sasa anabonyeza batani moja anaenda kunywa chai. Kinachofuata nataka zitumwe kwa imeili kupitia Outlook, aliyewahi kufanya aniambie naanzia wapi.