Kikundi cha familia: Gari la Jangwani

JUMAMOSI

Kaka Mkubwa: Shikamoo Mjomba, shikamoo Shangazi, wengine mambo vipi. Gari la safari yetu ya jangwani limetoka mizani leo. Tangi la dizeli limejaa, mimi na mke wangu tumekaa ndani, imesoma kilo 3410. Mwisho wake kwenye kadi ni 3500 kwa hiyo tumebaki na 90, nafikiri tuko vizuri

Mjomba: Marahaba baba. Maji yalikuwepo?

Kaka Mkubwa: Hapana matangi matupu

Mjomba: Na madumu ya dizeli ya ziada?

Kaka Mkubwa: Bado Mjomba

Mjomba: Basi hujapima gari la safari, umepima gari la kwenda sokoni. Chukua karatasi tupige hesabu hapa hapa wote waone. Kipande kisicho na mafuta njiani ni kilomita ngapi?

Kaka Mkubwa: 600

Mjomba: Na gari linakula lita 12 kwa kilomita 100 kwenye lami, ndivyo ulivyosema. Mchanga laini haujui hiyo hesabu, injini inalia gia ndogo muda wote, wewe weka 20. Hiyo ni lita 120, ongeza robo na kitu ya kurudi nyuma ukikuta njia imefungwa, tufanye 155. Tangi lako 75. Kwa hiyo madumu manne ya lita 20, na dumu la chuma likijaa dizeli halipungui kilo 21. Hizo 84

Wifi: Na maji Mjomba? Mimi nlikuwa nimeandika lita 80 tuko wawili

Shangazi: 80 hapana mwanangu. Joto lile mtu mzima anakunywa lita 6 mpaka 7 kwa siku na bado mkojo wake ukawa wa njano. Ongeza ya kupikia na kujifuta mwili, fanya lita 10 kwa kila mtu. Siku sita ni 120. Afu akiba ya siku tatu za kukaa mmeharibikiwa mnasubiri watu, ya kunywa tu, ni 42. Jumla kama 160

Mimi: Lita moja kilo moja kwa hiyo 160 + 84... mnafika 3654 😳 mmezidi kilo 154

Kaka Mkubwa: Duh

Mjomba: Ndo nlichotaka mkione. Watu wakisikia jangwa wanaanza kuongeza vitu, winchi, taa za juu, keria, hema, kila wiki kitu kipya, na kila kilo unayoongeza ndo hiyo hiyo itakuzamisha mchangani na utaichimbua kwa koleo saa saba mchana. Gari jepesi linapita mahali gari zito linalala. Mimi nimeendesha njia zile miaka mingi na sijawahi kujuta kitu nilichokiacha nyumbani isipokuwa maji

Binamu Fundi: Hapo kwenye umeme naweza kuwapunguzia. Kaka zile betri zako mbili za risasi za ampea-saa 100 kila moja ni kilo 28 kila moja, na kwa usalama wake unatumia nusu tu, ukizidi unaziua. Betri moja ya lithiamu fosfeti ya ampea-saa 100 ina kilo kama 12 na unaitumia karibu yote. Unaokoa kilo 44 na friji linakaa vile vile, friji la kompresa la volti 12 kwenye joto kali weka ampea-saa 50 kwa siku, sola ya juu inarudisha

Kaka Mkubwa: Safi. Natoa za zamani naweka hiyo basi

Binamu Fundi: Subiri usikimbilie. Haichajiwi kwa mtindo ule ule, lazima kidhibiti cha sola kiwe kinachokubali lithiamu, na chaji inayotoka kwenye altaneta ipite kwenye kifaa chake cha katikati la sivyo itavuta umeme mwingi mpaka altaneta iungue. Na fyuzi kubwa iwe karibu kabisa na betri, sio mwisho wa waya. Kitu kingine watu hawakijui, lithiamu haitakiwi kuchajiwa chini ya sifuri, na jangwani usiku kuna misimu maji yanaganda kwenye ndoo, kwa hiyo inakaa ndani ya gari sio chini ya bodi

Wifi: Mimi natoa baiskeli zote mbili na kibebeo chake. Nlizipenda lakini nikifikiria maji naona hamna mjadala. Zile na kibebeo ni kilo 45 tulipima

Mimi: Asante wifi najua ulivyokuwa unazisubiri ❤️

Kaka Mkubwa: Oveni na mtungi wa pili wa gesi 35. Lile sanduku la chuma la kwenye keria nalo 40, vitu vyake vitaingia kwenye mabegi

Mimi: 44+45+35+40 ni 164. Mko 3490!

Mjomba: Mmefanya vizuri sana wanangu. Kilo 10 ni chache lakini ni zenu, zisiguswe. Sasa winchi, nliona umeulizia bei

Kaka Mkubwa: Ndiyo Mjomba nlitaka kufunga mbele

Mjomba: Usifunge. Winchi inataka mti au jiwe la kufungia kamba, kule unaangalia mpaka upeo wa macho hamna hata kichaka. Kilo 40 juu ya ekseli ya mbele, pua inazama kwanza. Nunua vibao vinne vya kutokea mchangani, koleo mbili za mpini mrefu, pampu ya upepo ya nguvu na geji nzuri. Na ubao mpana wa kuweka chini ya jeki, bila huo jeki inajizika yenyewe gari halinyanyuki hata sentimita

Mjomba: Upepo wa tairi ndo dawa ya kwanza kabla hujashika koleo. Kwenye lami unatembea na PSI 50, ukiingia mchanga shusha mpaka 25, tairi linalala linakuwa refu kama unyayo wa ngamia, uzito unasambaa. Ukinasa shuka hata 18 utoke taratibu, ila usikate kona kali wala kukimbia maana tairi litachomoka kwenye ringi. Ukirudi njia ngumu jaza tena KABLA ya kuongeza spidi, tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa linapata joto linapasuka

Kaka Mkubwa: Na kamba ya kuvutwa ikitokea gari jingine?

Mjomba: Ifungwe kwenye ndoano zilizoshikana na chesisi tu. Kamwe usifunge kwenye lile tufe la kuvutia trela, likikatika linaruka kama risasi na limeshaua watu. Kamba ikishakaza kila mtu asimame mbali, pembeni, asiwepo mtu kwenye mstari wake

Wifi: Maji tuyaweke wapi Mjomba, tangi kubwa moja la lita 160 chini ya kitanda ndo tulipanga

Mjomba: Hapo mama nisikilize vizuri. Mwaka mmoja tulikuwa na tangi moja zuri la lita 120, njia ilikuwa na yale matuta madogo madogo kama bati, siku mbili nzima gari linatetemeka mpaka meno yanagongana. Saa kumi jioni nafungua bomba hamna kitu. Mshono wa tangi ulikuwa umepasuka chini, maji yote yamekwenda mchangani na hatukusikia hata tone. Tulibaki na lita 9 za kwenye chupa watu watatu. Tuligeuza usiku ule ule na tulifika, lakini yule mdogo wetu alikuwa ameshaanza kuongea maneno yasiyoeleweka na jasho limekauka, hiyo picha haijanitoka mpaka leo

Shangazi: Nakumbuka. Nlikuwa nawasubiri siku ile 😢 Jasho kukauka na mtu kuchanganyikiwa ni hatari kubwa, kivulini haraka, mlowesheni maji mwili mzima na mpepeeni. Na mbebe paketi za ORS, zikiisha ni lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazisha

Wifi: Basi madumu nane ya lita 20. Yawe chini katikati ya ekseli, yamefungwa mikanda

Mjomba: Hapo sawa kabisa. Na kila jioni kabla ya kupika mtu mmoja alale chini na spana azungukie nati zote, shokapu, keria, vishikio vya betri, ile mitetemo inafungua kila kitu. Filta ya hewa ikung'utwe, na mpya iwepo. Spea tairi mbili

JUMAPILI

Kaka Mkubwa: Leo tumeenda kwenye mchanga tukanasa makusudi. Jaribio la kwanza dakika 50 mpaka kutoka, nlikanyaga mafuta nikazama mpaka bodi. La pili nimeshusha upepo kwanza, vibao viwili, lo (gia za nguvu) na difu loki (tairi za ekseli moja zizunguke pamoja), dakika 12 na mke wangu ndo alikuwa kwenye usukani

Mjomba: Hongera mama! Rudieni tena wiki ijayo, na mwanzo wa asubuhi mchanga ukiwa bado wa baridi mtaona tofauti

Mimi: Nani anabaki na ratiba ya njia?

Shangazi: Mimi. Niandikieni kwa mkono, njia, sehemu za kulala, rangi ya gari na namba yake, namba ya ile simu ya setilaiti

Kaka Mkubwa: Tutatuma ujumbe kila siku saa mbili usiku Shangazi. Ukikosa mmoja usishtuke. Ukikosa wa pili yake, yaani saa 24 zimepita tangu ule wa kwanza ukosekane, piga namba ya uokoaji tutakayokuandikia. Na kile kifaa cha dharura cha megahezi 406, kinachoita uokoaji kwa setilaiti, tumeshakisajili, namba yako ndo iko kwenye fomu

Mjomba: Na gari likiharibika hamliachi. Gari linaonekana kutoka angani, mtu anayetembea haonekani. Kaeni kwenye kivuli chake

Wifi: Tumekuelewa Mjomba, hatutaliacha

Shangazi: Karatasi nimeibandika ndani ya mlango wa kabati, simu nitailaza karibu na kichwa. Saa mbili usiku nitakuwa macho